Akizidiwa Nyumbani, Anampigia Nani?

Mkitaka kujua nilivyojifunza udaktari mara ya pili, msianzie chuo kikuu. Anzieni kwenye chai ya saa nne, Jumamosi, katika ukumbi wa kukodi katikati ya mji, ghorofa ya tatu, kwenye jumba ambalo lifti yake ilipenda kukwama mtu akiwa na haraka. Kulikuwa na mandazi, kulikuwa na nduma za kuchemsha, na kulikuwa na madaktari wa kliniki ndogondogo za magharibi ya Nairobi waliokuja kutafuta pointi. Mimi ni Wangari, kliniki yangu ilikuwa Riruta, pembeni mwa Barabara ya Naivasha, na kusema kweli siku ya kwanza nilifuata pointi na nduma.

Pointi mnazijua nyinyi madaktari vijana. Siku hizi mnazichuma mkiwa kitandani na simu. Sisi tulianza kubanwa nazo miaka ile ya elfu mbili: bila mafunzo ya kila mwaka, leseni yako ina walakini. Na madaktari ni wajanja kuliko wanavyoonekana. Mtu alikuwa anaingia, anatia sahihi, anakunywa chai yake, halafu ghafla anakumbuka mgonjwa mahututi Kawangware. Daktari Wafula alipochukua uongozi wa kikundi chetu aliitibu tabia hiyo upesi. Karatasi ya sahihi aliitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, na koti lenyewe hakulivua mpaka saa sita, hata jua likichoma.

Wafula alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mtaratibu, aliyestaafu hospitali kubwa na kutulia Muthangari na mkewe, Mama Nekesa. Nusu yetu alikuwa ametufundisha tukiwa wanafunzi, kwa hiyo tulimwita Mwalimu hata nywele zetu zilipoanza kuwa na mvi. Alifundisha akiwa amesimama, viatu vyeusi vya ngozi vinang'aa, na hakuna aliyewahi kumwona akiegemea ukuta. Nilimpenda mzee yule kama nilivyompenda baba yangu, na pengine kwa sababu ile ile, kwamba hakunisifu bure.

Somo lake lilikuwa moja tu: nchi mbalimbali zinatibu watu wao namna gani. Wengi tulinung'unika. Kibe, mpasuaji wetu, mtu wa Waithaka asiyeficha neno, alimuuliza Thailand itamsaidia nini yeye na wagonjwa wake wa ngiri. Mwalimu akamtazama kwa upole. "Wewe Kibe unafikiri vile tunafanya hapa ndivyo vitu hufanywa," akamwambia. "Hiyo peke yake ni ugonjwa, na tutautibu polepole."

Basi ikawa hivi. Mwanzoni mwa mwaka kila daktari aliokota kikaratasi kwenye kofia, na nchi aliyoiokota ikawa yake mwaka mzima. Aisome, awaandikie madaktari wa huko, na kikundi kikipata safari, aende akaione. Kila mkutano mmoja wetu alileta mgonjwa, yaani kisa kisicho na jina, na haikuruhusiwa kuuliza kimetoka wapi. Kisha tulimtembeza mgonjwa huyo nchi kwa nchi. Uingereza angeanzia mlango gani? Cuba nani angemfuata? Na mwishoni Mwalimu aliuliza kila nchi swali lile lile: "Huyu akizidiwa nyumbani, anampigia nani?"

Kenya hakumpa mtu. Kenya ilikuwa yake. Na zamu yake ilipofika alijibu kila mara kwa sura kavu: "Anampigia shemeji anayejuana na nesi." Tulicheka mpaka chai ikamwagika, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa shemeji wa mtu.

Msidhani tulikuwa tunapoteza wakati. Achieng', daktari wa sukari na presha, mwanamke mwenye sauti ndogo na macho makali, ndiye aliyekuwa na Uingereza. Alitusimulia kwamba kule daktari wa mtaa anaweza kumwambia mtu mwenye mafua aende akapumzike na anywe maji, bila dawa yoyote, na yule mtu anashukuru na kwenda zake. Kibe akauliza kama mlango haubamizwi. Riruta yangu, jamani, ambaye hajadungwa sindano hajatibiwa. Nilikuwa na mama mmoja niliyempa ushauri mtupu, akavuka barabara akadungwa kwa jirani yangu, kisha akarudi kunionyesha mahali alipodungwa, nijionee matibabu yanavyofanana. Achieng' alipotueleza siri ya wale wenzetu, niliichukua na sikuiacha tena mpaka nilipostaafu. Mwambie mgonjwa unachokiona. Mwambie kitakavyoendelea. Mwambie akiona nini arudi mbio. Mtu aliyeambiwa hayo matatu anaondoka na kitu mkononi, hata kama mfuko wa dawa ni mtupu. Yule mama alikuja kuwa mgonjwa wangu wa miaka mingi, na majirani zake akawaleta yeye mwenyewe.

Mwaka mmoja mimi niliokota Cuba, na kikundi kikapata safari ya huko. Sitawaeleza mambo ya ndege, ila Kibe alibeba majani ya chai na sufuria ndogo, na askari wa uwanjani wakayanusa majani yale kwa muda mrefu. Kilichonishika ni nyumba moja ya ghorofa kwenye mtaa wa watu wa kawaida. Chini kliniki, juu anaishi daktari mwenyewe, nguo zake zimeanikwa dirishani watu wote wanaziona. Tukiwa pale, mwanamke mmoja alisimama barabarani akaita kuelekea juu, na daktari akashuka na unga mikononi. Alikuwa anapika. Kupitia mkalimani aliniuliza wagonjwa wangu wanaishi wapi. Nikamwambia Riruta. Akasema, ndiyo, lakini nyumba gani? Nikacheka, kisha nikaona hacheki.

Niliporudi nikaanza kuzunguka. Alhamisi alasiri nilifunga chumba changu na kuingia kwenye ploti za nyumba za kupanga, nyumba hadi nyumba, nikiwafuata wazee wa presha na akina mama waliojifungua. Mtakapofanya hivyo, na ninaomba mfanye, vaeni viatu vya kufunga, piteni kwanza kwa mwenye ploti mumsalimie, na mbwa msimkimbie. Kaeni mnapoambiwa mkae. Angalieni jiko liko wapi, maana kikohozi cha mtoto mara nyingi kiko hapo. Niliona zaidi kwenye makochi ya watu kuliko nilivyowahi kuona kwenye meza yangu.

Sasa niwaambie jambo linalonifanya niandike.

Sisi madaktari tuna ugonjwa wetu, na nyinyi mmeanza kuuonyesha. Daktari akiugua haendi kwa daktari. Anasimama kwenye korido na kikombe mkononi, anamwambia mwenzake, "Nina mgonjwa mmoja..." Mwenzake anajibu kati ya matonge mawili ya mandazi, na basi, hayo ndiyo matibabu.

Mwaka ule wa Cuba, Mwalimu aliomba mkutano uhamie ukumbi wa chini. Alisema lifti imemchosha. Tukakubali, nani hakuchoshwa na lifti ile? Baadaye nikaona amevaa raba, raba kubwa nyeupe pamoja na suti. Tukamtania kwamba amekuwa kijana. Akacheka na sisi. Kisha Jumamosi moja akafundisha akiwa ameketi, na hapo mimi sikucheka.

Wakati wa chai nilikuwa nimesimama na Kibe na Achieng'. Nikawaambia kwamba majuzi Mwalimu aliniuliza kuhusu mgonjwa wake mmoja mwenye ganzi miguuni, hahisi hata akikanyaga kijiwe. Kibe akaacha kutafuna. Akasema yeye aliulizwa juu ya mgonjwa mwenye kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, kidonda kisichofunga. Achieng' akaweka kikombe chini polepole. Yeye aliulizwa juu ya mzee wa sukari anayejipandishia dawa mwenyewe. Tulitazamana sisi watatu. Tulikuwa tumewatibu wagonjwa watatu wa Mwalimu, kila mmoja wake, na wote walikuwa mtu mmoja aliyeketi pale dirishani na raba nyeupe, akichovya nduma kwenye chai.

Nyinyi mnajua kidonda cha aina hiyo kinakwenda wapi. Kinaanza na kidole, kinapanda. Kikifika kwenye mfupa mnaanza kuzungumzia mguu, na kwa mzee wa umri ule, ukizungumzia mguu unazungumzia maisha.  Nilimwona kichwani mwangu amelala mahali na sisi wote tumesimama kuzunguka kitanda, kila mmoja akisema alidhani mwenzake anamwangalia.

Achieng' alijaribu siku ile ile. Alimfuata kwa heshima zote akamuuliza kuhusu afya yake. Mwalimu akamshukuru, akamuuliza kama amemaliza kusoma habari za wauguzi wa Uingereza. Nilimpigia Mama Nekesa, naye akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nyumbani bafu linafungwa kwa ndani, na harufu ya dawa ya kidonda inatoka chini ya mlango. "Daktari, mimi nitamwambia nini?" akaniuliza. "Yeye ndiye huambia watu." Kibe alipendekeza tumbebe kwa nguvu tumpeleke hospitali. Alikuwa hatanii.

Mkutano uliofuata, zamu ya kuleta kisa ilikuwa yangu.

Nilikiandika Ijumaa mchana mlango wa kliniki ukiwa umefungwa. Nikakisoma Jumamosi nikiwa nimesimama, na sikumtazama Mwalimu. Mwanamume mzee. Kazi yake, daktari. Ana sukari, anajitibu. Miguu ina ganzi. Ana kidonda chini ya kidole gumba, anakifunga bandeji mwenyewe bafuni. Mkewe anajua na hawezi kusema.  Hata wale waliokuja kwa pointi waliacha kuangalia saa.

Sheria ni sheria, hakuna aliyeuliza kisa kimetoka wapi. Achieng' akasimama akasema kwa Uingereza. Kule mtu huyo ameandikishwa kwa daktari wa mtaa wake, hata kama yeye mwenyewe ni daktari, na angeitwa avue soksi miguu ikaguliwe. Asipokwenda, wangemwita tena. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. Kibe alikuwa na Thailand, na yule mtu wa maneno makali alisema kwa shida kwamba huko vijijini kuna wanakijiji wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba, na kidonda kama hicho kingeonekana na jirani. Mimi nikasema kwa Cuba. Nikasema daktari anakaa juu, anasikia jina lake likiitwa kutoka barabarani, na anashuka hata kama anapika.

Ikabaki Kenya.

Mwalimu alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti. Hakuna aliyethubutu kumuuliza swali lake mwenyewe, kwa hiyo akajiuliza. "Huyu akizidiwa nyumbani," akasema, "anampigia nani?" Akaanza jibu letu la siku zote, "Anampigia shemeji..." na hakulimaliza. Aliinamisha kichwa akatazama ile raba. Nilisikia kondakta akiita abiria huko nje barabarani, na mtu akikohoa nyuma yangu.

"Huyu ana madaktari ukumbi mzima," akasema mwishowe, "na hana daktari."

Akatoa karatasi ya sahihi mfukoni, kabla ya saa sita, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akaiweka mezani na kutoka taratibu. Nilimfuata hadi alipoegesha gari. Nilijua kwamba nimemvua nguo mbele ya watu, na kwamba anaweza kuniambia nisimwone tena. Alifungua mlango, akaketi na miguu yake nje. Askari wa kanjo, wale wa jiji wanaokagua maegesho, alipita akatazama gari, akatutazama sisi, akaendelea na safari yake.

"Wangari, Jumatatu unafungua saa ngapi?"

"Saa mbili, Mwalimu."

"Na nitapanga laini?"

"Utapanga."

Akatikisa kichwa kukubali, akaingiza miguu ndani, kwanza mzima, kisha ule mwingine kwa mikono miwili.

Jumatatu alikuja na Mama Nekesa, wakaketi kwenye benchi langu la mbao Riruta kati ya watoto wenye mafua. Kijana mmoja wa bodaboda aliyechubuka goti alimpisha mahali pazuri. Mtu wangu wa mapokezi alikuja kuninong'oneza kwamba yule si ndiye daktari mkubwa, tumwingize? Nikamwambia Mwalimu asubiri zamu yake. Iliniuma kusema hivyo, lakini nilijua kwamba nikimwingiza kwa mlango wa wenzangu, tutarudi kwenye korido.

Zamu yake ilipofika aliketi, akakohoa kidogo, akaanza kama alivyotufundisha: "Mgonjwa ni mwanamume, ana historia ya sukari..."

"Hapana, Mwalimu," nikamwambia. "Sema 'mimi'."

Alifungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena. Nilisubiri. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, vijana, kusubiri bila kumsaidia mtu sentensi.

"Mimi," akasema, "mimi naogopa kukatwa mguu."

Mama Nekesa alimshika bega. Mimi nilipiga magoti sakafuni nikamvua raba, kisha soksi, kisha bandeji aliyoifunga vizuri sana, kama kwenye kitabu. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Nikamwambia ninachokiona. Nikamwambia kitakavyoendelea tukichelewa na tukiwahi. Nilimweleza yote kama mtu asiyejua lolote, polepole, na hakunikatiza hata mara moja.

Akalazwa siku ile. Kibe ndiye aliyempasua, na kabla ya kuingia ndani alinawa mikono muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinawa. Kidole gumba na mwenzake vilikwenda. Mguu ulibaki.

Kuna neno hapa kwa mtakaomtibu daktari. Msimwite mwenzenu, mwiteni mgonjwa wenu. Msimuulize yeye anaonaje, mtamrudishia mzigo aliokuja kuutua. Mwandikieni dawa kwa maandishi yanayosomeka, na zile sampuli za dawa za kwenye droo yake mwombeni awape. Mwalimu alinipa mfuko mzima, akaufuata kwa macho mpaka nikaufunga kwenye kabati.

Nikaanza kwenda Muthangari Alhamisi baada ya mzunguko wangu wa Riruta. Mama Nekesa alisonga ugali na kupika mboga ya mrenda, nami nilikagua mguu kwanza ndipo nile. Tulikuwa na makubaliano: anaruhusiwa kubishana nami kuhusu nchi yoyote duniani isipokuwa vidonge vyake. Alibishana kuhusu Ujerumani mpaka chakula kikapoa. Zilikuwa Alhamisi tamu, na nikizikumbuka sasa natamani hata ule ubishi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akamwona binti yao Nekesa akiolewa, akaenda kanisani kwa miguu yake, na alipokufa hakufa kwa kidonda kile. Nilikuwa pembeni yake. Alijua nitakuja, na nilikuja.

Mimi sasa ni mzee wa Waithaka mwenye presha. Daktari wangu ni binti mdogo aliyechukua kliniki yangu, rika lenu kabisa, na ananipangisha laini bila huruma kwenye benchi nililolinunua mwenyewe. Namnung'unikia na nampenda. Na wewe unayesoma hapa ukiwa umemeza kidonge ulichojiandikia, wako ni nani?

Kama huna jibu, chukua la Mwalimu. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza aliporudi ukumbini, na fimbo, viatu vipya vipana, koti lake lile lile. Kisa cha siku ile kilikuwa cha mtu mwingine kabisa, sikumbuki hata alikuwa anaumwa nini. Tulimtembeza mgonjwa nchi kwa nchi mpaka ikabaki Kenya, na kwa kuwa Mwalimu alikuwa bado anachoka, Achieng' ndiye aliyemuuliza, kwa ile sauti yake ndogo: akizidiwa nyumbani, anampigia nani?

Watu wakajiandaa kucheka.  Mwalimu aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, pale anapoweka karatasi ya sahihi, akatoa simu yake ya vibonyezo, akaisogeza mbali na macho kama wazee tunavyofanya, akabonyeza. Simu ikaanza kulia ndani ya mkoba wangu. Niliitafuta kati ya leso na funguo huku ukumbi mzima ukinitazama, nikaiweka sikioni, na yeye pale mbele akageukia dirisha kana kwamba tuko mbali.

"Daktari," akasema, "ni mimi."